Jimmie Rodgers, Mwana wa Reli Aliyeimbwa Kapkatet

Katika muziki wa roki wa Marekani lipo tawi moja ambalo baadhi ya wanafunzi wetu wa vyuo wameanza kulisikiliza kwa makini. Ni tawi la bendi zinazojitegemea, zisizofungamana na kampuni kubwa za santuri, ambazo hupiga magitaa ya umeme kwa kishindo kama vijana wengine wa roki, lakini baada ya nyimbo mbili tatu huteremka zikaimba kantri ya kale, ile ya wakulima na wachimba migodi. Mashabiki huliita tawi hilo kantri mbadala. Aghalabu husemwa kwamba lilipata sura yake mwaka 1990, pale bendi ya Uncle Tupelo, kutoka mji wa Belleville katika jimbo la Illinois, ilipotoa albamu yake ya kwanza, No Depression, kupitia kampuni ndogo ya Rockville. Jina la albamu lilitokana na wimbo ambao kundi la Carter Family lilikuwa limeurekodi mwaka 1936, na mwaka 1995 likaanzishwa jarida la kushughulikia muziki huo, nalo likachukua jina lilo hilo. Tangu hapo haupiti mwaka bila bendi changa kutoa albamu ya namna hii, na wahakiki kuisifu kwa kuwa imerudi kwenye mizizi.

Neno hilo, mizizi, ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Anayelitumia huwa anadhani kwamba akichimba vya kutosha atafika mahali safi, ambapo muziki ulikuwa wa wenyewe na haujachanganywa na kitu. Haya, na tuchimbe. Tukiufuata uzi wa kantri nyuma, hatua kwa hatua, tutafika kwa Jimmie Rodgers, ambaye Wamarekani humwita baba wa muziki huo. Namwomba msomaji asimchanganye na Kenny Rogers wala Jim Reeves, ambao nyimbo zao zimepigwa sana katika redio na mabasi ya humu nchini. Huyu ninayemzungumzia alifariki mwaka 1933, wakati Jim Reeves alikuwa mtoto wa miaka tisa na Kenny Rogers hajazaliwa.

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, katika sehemu za Meridian, jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki mvulana angali mdogo sana. Baba yake, Aaron, alikuwa nyapara wa vibarua waliotengeneza reli ya kampuni ya Mobile and Ohio, na kazi hiyo ilimhamisha huku na huko, kwa hiyo mtoto alilelewa na jamaa mbalimbali na kwa kiasi kikubwa na barabara. Kabla hajatimiza miaka kumi na minne alikuwa amekwisha kutoroka nyumbani mara mbili ili kuendesha maonyesho ya nyimbo katika vijiji vya jirani. Mara zote mbili baba alimfuata akamrudisha. Hatimaye mzee aliamua kumweka mwanawe mahali atakapomwona, akamwajiri katika kikosi chake, kazi yake ikiwa kuwachotea vibarua maji.

Hapa ndipo hadithi inapoanza kuwa na uzito. Vibarua hao walikuwa watu weusi, wengi wao wajukuu na watoto wa watumwa. Kuinua chuma cha reli si kazi ya mtu mmoja. Huhitaji watu wengi kuvuta pamoja kwa wakati mmoja, na kinachowaunganisha ni wimbo. Mmoja huanzisha, wengine huitikia, na kwenye itikio ndipo nyundo huanguka. Msomaji aliyewahi kuona wavuvi wa Pwani wakivuta jarife, au vijana wakisukuma gari lililokwama kwenye matope, hahitaji kuelezwa zaidi. Mtoto wa kuchota maji alisikia nyimbo hizo kutwa nzima, na wakati wa mapumziko wanaume hao walimfundisha kupiga banjo na gitaa. Walimfunza pia umbo la bluzi, ambalo ni sahili mno: mshororo huimbwa, hurudiwa, kisha hujibiwa na mshororo wa tatu. Karibu kila kitu kilichompatia sifa baadaye kilitoka katika darasa hilo lisilokuwa na ubao. Majina ya walimu wake hayakuandikwa popote.

Alipokua alifanya kazi ya breki katika magari ya moshi, hasa katika njia ya New Orleans and Northeastern. Ilikuwa kazi ya hatari, kwani mtu wa breki alilazimika kupanda juu ya mabehewa ya mizigo, mvua ikinyesha au theluji ikianguka, na kuzungusha kwa mkono magurudumu ya kufungia breki huku treni ikienda. Alioa mwaka 1917 na ndoa hiyo haikudumu. Mwaka 1920 akamwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Meridian. Walipata binti, Anita, kisha wa pili, June, ambaye alifariki Desemba 1923 akiwa na umri wa miezi sita. Mwaka uliofuata Rodgers mwenyewe alianza kutapika damu, na madaktari wakamwambia kwamba ana kifua kikuu.

Inafaa tukumbuke kifua kikuu kilikuwa nini mwaka 1924. Dawa ya kwanza iliyoweza kukitibu kikweli, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Kabla ya hapo daktari hakuwa na la kumpa mgonjwa ila mapumziko, chakula kizuri na hewa kavu, na mambo hayo matatu hayapatikani kwa mtu asiye na mshahara. Rodgers alijaribu hali ya hewa ya Florida, akajaribu ya Arizona, kila mara akitafuta kazi ya reli, na kila mara mwili ukamwangusha. Reli ilipomkataa ndipo akaugeukia uimbaji kama riziki.

Katika kipindi hicho alizunguka pia na maonyesho ya wauza dawa za kienyeji, ambayo yalikuwa na wachekeshaji wa kuvuta wateja. Alipanda jukwaani akiwa amejipaka masizi usoni ili aigize mtu mweusi, kama ilivyokuwa desturi ya waigizaji wazungu wakati huo. Wapo waandishi wanaoliruka jambo hili kwa kuona aibu, na wapo wasiotaka kumsikiliza tena wakishalisikia. Mimi sioni faida ya kuliruka. Mtu yule yule aliyefundishwa gitaa na watu weusi alijipatia chakula kwa kuwadhihaki mbele ya umati, katika jimbo ambalo sheria ilimkataza mweusi kuketi naye katika behewa moja. Mapenzi na dhihaka vilikaa katika moyo mmoja, na muziki wake wote umebeba mambo hayo mawili.

Mwaka 1927 alihamia Asheville, North Carolina, akaanza kuimba katika kituo cha redio cha WWNC pamoja na vijana watatu. Wakati huo huo Ralph Peer, mwajiriwa wa muda wa kampuni ya santuri ya Victor, alikuwa amekuja na mitambo yake hadi Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, ili kuwarekodi waimbaji wa milimani. Katika kazi hiyo ya siku chache Peer aliwapata Carter Family, ambao tumekwisha kuwataja, na akampata Rodgers. Vijana wenzake waligombana naye juu ya jina litakaloandikwa kwenye sahani, wakajitenga. Kwa hiyo tarehe 4 Agosti 1927 Rodgers aliingia peke yake na gitaa, akaimba nyimbo mbili, akalipwa dola 100. Laiti wale vijana wangaliafikiana naye, huenda leo tungalikuwa tukizungumzia bendi, si mtu.

Sahani hiyo haikuuzwa sana. Rodgers hakungoja kuitwa. Alisafiri mwenyewe mpaka kaskazini akamtafuta Peer, na mwezi Novemba mwaka huo huo, katika studio za Victor zilizokuwa Camden, New Jersey, akarekodi wimbo ulioitwa Blue Yodel. Huo uliuzwa kwa malaki. Aliendelea kutunga nyingine za namna hiyo hadi zikafika kumi na tatu, akizipa namba tu, kama mtu anayehesabu magunia.

Ni kitu gani kilichowavutia watu hivyo? Ni bluzi ya vibarua weusi, iliyoimbwa na mzungu kwa lafudhi ya mashambani, na mwishoni mwa kila ubeti kukawekwa yodeli. Yodeli ni ule uimbaji ambao sauti huruka ghafla kutoka kifuani hadi kichwani na kurudi, pasipo maneno. Asili yake hutajwa kuwa milima ya Uswisi na Austria, ambako wachungaji waliitana kutoka bonde moja hadi jingine, na makundi ya waimbaji wa majukwaani yaliifikisha Marekani katika karne ya 19. Basi tazama, msomaji, mzizi tulioahidiwa. Tumefika chini kabisa, na tunachokikuta ni Afrika iliyovushwa bahari kwa minyororo, ikipatana na wachungaji wa Ulaya kwenye mdomo wa mgonjwa wa Mississippi. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyo alichagua mtindo unaotaka mapafu, naye mapafu hana.

Deni halikuwa la upande mmoja. Mwimbaji mweusi Howlin' Wolf, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1910 na akaja kuwa nguzo ya bluzi za Chicago, alieleza kwamba alijaribu kuiga yodeli ya Rodgers akashindwa, na kilichomtoka kikawa ule mlio wa mbwa mwitu uliompatia umaarufu. Na tarehe 16 Julai 1930, huko Los Angeles, Rodgers alirekodi Blue Yodel ya tisa akisindikizwa na Louis Armstrong kwa tarumbeta na mkewe Armstrong, Lil Hardin, kwa piano. Lebo ya sahani haikuwataja. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1970 ndipo Armstrong, akiwa mzee, alipoupiga wimbo ule mbele ya kamera za televisheni katika kipindi cha Johnny Cash.

Suala hili la nani ametajwa na nani hakutajwa limejaa katika maisha ya Rodgers. Hakujua kusoma noti. Dada ya mkewe, Elsie McWilliams, aliyekuwa mpiga piano, alimtungia au kumsaidia kutunga nyimbo zaidi ya thelathini, akimfundisha moja moja kwa kumpigia. Katika kadhaa kati ya hizo jina lake halionekani. Naye Peer alikuwa amekubali kutopokea mshahara kutoka Victor, mradi hakimiliki za nyimbo ziwe zake. Ndiyo maana hakutaka nyimbo za jadi zilizokwisha kujulikana. Alitaka nyimbo zinazoweza kusajiliwa kuwa mpya na kuleta mrabaha. Wimbo wa kibarua wa reli, ambao haukuwa na mwenyewe kwa sababu ulikuwa wa wote, ukibadilishwa maneno mawili matatu ulisajiliwa na kuwa mali. Sisemi kwamba Peer alikuwa mwizi. Alimlipa Rodgers mrabaha wake, jambo ambalo kampuni nyingi hazikuwafanyia waimbaji wa mashambani. Nasema tu kwamba kalamu ilipofika, haikuwafikia wote.

Kwa miaka michache fedha zilikuja. Mwaka 1929 alijenga jumba huko Kerrville, Texas, alikoambiwa kwamba hewa inafaa kwa wagonjwa wa kifua, na mwaka huo huo akaigiza katika filamu fupi akiwa amevaa mavazi ya kazi ya reli. Nyuma ya gitaa lake aliandikisha neno la shukrani, na onyesho lilipokwisha aliligeuza ili watazamaji walisome. Lakini jumba lilikula fedha, madaktari wakala zilizosalia, na mdororo wa uchumi ukaangukia juu ya vyote. Sahani zilizouzwa Marekani, ambazo zilifikia kama milioni 104 mwaka 1927, zilishuka hadi milioni 6 hivi mwaka 1932. Jumba likauzwa, akahamia San Antonio katika nyumba ndogo. Mwaka 1931 hata ugonjwa wenyewe aliugeuza wimbo, akauita kwa jina lake bila kuficha. Nchi ilikuwa na maelfu ya watu waliokohoa kwa siri, na huyu alikohoa hadharani na kulipisha kiingilio.

Mwezi Mei 1933 alisafiri hadi New York, akifuatana na muuguzi. Alijua hali yake, na alijua kwamba kila wimbo atakaouacha ni mrabaha wa mkewe na bintiye. Studio ilimwekea kitanda, na baina ya wimbo na wimbo alilala apate pumzi ya kuingia wimbo unaofuata. Kuanzia tarehe 17 hadi 24 alirekodi nyimbo kumi na mbili. Tarehe 26 Mei alifariki katika Hoteli ya Taft, akiwa na umri wa miaka 35. Maiti yake ilirudishwa Meridian kwa gari la moshi. Alikuwa amerekodi nyimbo kama 110 kwa muda usiotimia miaka sita.

Yaliyofuata huko kwao yanajulikana. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa kantri, na mwaka 1986 la roki likamtambua kuwa mmoja wa walioutangulia muziki huo. Bendi ya Lynyrd Skynyrd iliupiga Blue Yodel wa kwanza kwa magitaa ya umeme katika albamu ya mwaka 1976. Bob Dylan akasimamia mwaka 1997 albamu nzima ya nyimbo zake, ikiimbwa na akina Willie Nelson, Steve Earle na Van Morrison. Vijana wa kantri mbadala wamezaliwa katika nyumba hiyo.

Lakini lipo tawi jingine la ukoo huu, na hilo limeota hapa kwetu. Mwaka 1950, miaka kumi na saba baada ya Rodgers kuzikwa, Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Zimbabwe ya leo na kuzunguka Afrika akirekodi ngoma na nyimbo, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Sahani za Rodgers zilikuwa zimetangulia kufika pamoja na gramafoni za wageni. Waimbaji mbalimbali walimwimbia Tracey nyimbo zilizotaja jina moja, Chemirocha, na mashuhuri zaidi ni ule wa wasichana, ukisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, Chemirocha kwa wasichana hao alikuwa kiumbe nusu mtu na nusu paa, nao walimwalika aje acheze nao mpaka nguo zimdondoke.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Lugha ya Kikipsigis haitumii tofauti ya sauti ghuna na sighuna kubainisha maneno, kwa hiyo zile j mbili za Jimmie Rodgers, ya mwanzo na ile iliyofichwa na tahajia ya Kiingereza katikati ya jina la pili, zote zikawa ch. Sauti ya mwisho ikaanguka, majina mawili yakashikana kuwa moja. Kisha mwanzo wa jina ukafanana na Che, kiambishi ambacho kila Mkalenjini anakifahamu katika majina ya wanawake, nalo likapata uraia. Hakuna la ajabu hapo. Waswahili walilichukua neno kitabu kutoka Kiarabu, wakaona ki mwanzoni, wakasema vitabu. Na wapo waliosikia Kiingereza kikiwaamuru madereva wapite kushoto, wakapata kiplefti, na bila kusita wakasema viplefti. Neno likishaingia katika sarufi ya watu halina tena pasipoti ya kigeni.

Nawauliza walimu wanaotayarisha kwaya za shule: kikundi kikikuletea Chemirocha na kusema ni wimbo wa kienyeji wa Kipsigis, utaukubali au utaukataa? Nimewasikia wengi wakibishana hivyo juu ya nyimbo nyingine, wakipima usafi wa asili kama wapimavyo maziwa kiwandani. Kama utaukataa kwa sababu jina limetoka Marekani, basi itakubidi uwakataze na Wamarekani nyimbo za Rodgers, maana nazo zimetoka kwa watu ambao babu zao walichukuliwa kutoka bara hili. Mimi ningeukubali, kisha ningetaka mwalimu awaambie wanafunzi historia yake yote, pamoja na masizi usoni na lebo zilizonyamaza.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Katika miaka ya 2010 watafiti walizirudisha nakala hapa nchini na kuwatafuta wenyewe. Alipatikana mzee mmoja aliyekuwa amerekodiwa ujanani, angali hai. Ama kuhusu wale wasichana wa Kapkatet, lebo ya sahani inamtaja mmoja wao kwa jina. Waliosalia wameandikwa wasichana wa Kipsigis.